Barua ya Maegesho: Usiilipe kwa Hofu, Usiitupe kwa Dharau

Miongoni mwa barua zinazoingia katika nyumba za familia zetu zinazoishi Uingereza, ipo moja iliyozoeleka kiasi cha kuogopwa hata kabla ya kufunguliwa. Ndani yake mna picha mbili za gari: moja likiingia katika maegesho ya supamaketi, nyingine likitoka. Mna saa na dakika. Na chini yake pameandikwa kwa wino mzito kwamba mnadaiwa paundi 100, au paundi 60 iwapo mtalipa ndani ya siku 14.

Aghalabu anayeisoma barua hiyo si aliyeandikiwa. Baba yuko kazini zamu ya usiku, mama Kiingereza hakijamkaa sawasawa, basi anaitwa mtoto wa miaka kumi na miwili awe mkalimani. Naye anasoma maneno makubwa: mahakama, deni, hatua za kisheria. Nyumba inaingiwa na kiwewe. Fedha zilizowekwa kwa ajili ya karo ya madrasa, au za kumtumia bibi kule Tanga, zinakwenda kulipia dakika ishirini za kusimamisha gari. Nyumba ya pili hufanya kinyume chake. Mtu amesikia barazani kwamba barua hizi ni vitisho vitupu, basi anaichana na kuitupa, ya pili nayo anaitupa, hata siku moja anapokwenda kuomba mkopo anaambiwa kuwa mahakama imekwisha kumhukumu.

Sisi tunaohudumu katika kamati za misikiti huku Uingereza huletewa barua hizi baada ya sala, zikiwa zimekunjwakunjwa mfukoni, na mara nyingi huletwa muda ukiwa umekwisha. Kwa sababu hiyo nimeona ni vema kuieleza kadhia hii kwa utulivu, ili kila familia ijue yenyewe nini cha kufanya siku barua itakapofika. Neno langu ni moja: barua hii hujibiwa. Si ya kulipwa kwa hofu wala ya kutupwa kwa dharau. Isomwe, ichunguzwe, na ijibiwe kwa ukweli ndani ya muda wake.

Nani aliyeiandika?

Jambo la kwanza ni kumjua mwenye kudai. Huku Uingereza zipo karatasi za aina tatu zinazofanana sana. Ya kwanza hutoka polisi, na hiyo ni faini ya kisheria. Ya pili hutoka kwa halmashauri ya mji, kwa kuegesha barabarani au katika maegesho ya umma, nayo pia ni adhabu iliyowekwa na sheria na ina njia yake ya rufaa. Ya tatu hutoka kwa kampuni binafsi inayosimamia uwanja wa supamaketi, hospitali au maduka. Karatasi ya halmashauri na ya kampuni zote mbili hubeba herufi PCN, na rangi zake huweza kushabihiana, lakini kwa herufi hizo halmashauri inataja adhabu, ilhali kampuni inataja tozo tu.

Tofauti hiyo si ndogo. Kampuni binafsi haina mamlaka ya kumtoza mtu faini. Inachodai ni deni la mkataba: inasema kwamba dereva alipoingia uwanjani alikubali masharti yaliyoandikwa kwenye vibao, kisha akayavunja. Kulikataa deni hilo si jinai. Hakuna polisi atakayebisha mlango, wala hali ya ukaazi ya mtu haiguswi kwa sababu tu amebishana na kampuni ya maegesho. Nalitaja hili kwa kuwa hofu ya wageni wengi huanzia hapo.

Kwa hiyo, kabla ya yote, soma jina lililo juu ya barua. Na ikiwa ujumbe umekuja kwa simu ya mkononi, ukiwa na kiungo cha kubofya ili ulipe upesi, usiubofye. Matapeli nao wamejifunza kazi hii. Dai la kweli lina namba ya gari lako, mahali, tarehe, saa, na jina la kampuni unayoweza kuithibitisha kwa njia nyingine.

Kwa nini haifai kuipuuza

Zamani palikuwa na hoja kwamba tozo za kampuni hizi haziwezi kudaiwa mahakamani, kwa kuwa dakika chache za kuzidisha muda hazimsababishii mwenye uwanja hasara ya kiasi hicho. Hoja hiyo ilipimwa hadi ngazi ya mwisho. Tarehe 15 Aprili 2013, Barry Beavis, mwenye duka la samaki na chipsi, aliegesha gari lake katika uwanja wa maduka wa Riverside mjini Chelmsford. Uwanja ulikuwa bure kwa saa mbili. Yeye alizidisha dakika 56. Kampuni ya ParkingEye ikamdai paundi 85. Akakataa, kesi ikapanda ngazi moja baada ya nyingine hadi Mahakama ya Juu, na hukumu ikatolewa tarehe 4 Novemba 2015.

Majaji sita kati ya saba waliipa ushindi kampuni. Walisema kwamba mwenye uwanja ana maslahi halali ya kutaka nafasi zizunguke baina ya wateja, kwamba paundi 85 hazikupita kiasi kwa kulinda maslahi hayo, na kwamba vibao vilikuwa vikubwa, vingi na vinasomeka. Jaji mmoja, Lord Toulson, ndiye aliyetofautiana na wenzake.

Tangu siku hiyo, anayemwambia mwenziwe atupe barua kwa sababu "haina nguvu" anampa ushauri uliokufa mwaka 2015. Hata hivyo, hukumu hiyo hiyo imebeba hoja ya upande wa pili. Kampuni ilishinda kwa sababu vibao vyake vilionekana na maneno yake yalieleweka. Pale ambapo vibao havionekani, kesi si ileile.

Sharti lazima lionekane

Msingi huu ni wa zamani katika sheria ya Kiingereza. Mwaka 1971 Mahakama ya Rufani iliamua kesi ya mwanamuziki Francis Thornton dhidi ya maegesho ya Shoe Lane, London. Alipewa tikiti na mashine mlangoni; tikiti ikaelekeza kwenye masharti yaliyobandikwa ndani. Mahakama ilikataa kumfunga kwa sharti zito ambalo hakuonyeshwa waziwazi kabla ya kufunga mkataba.

Mwaka 2000 mahakama hiyo hiyo iliamua kesi ya mwanamke aliyekuwa akitoka hospitali akiwa na dhiki, akasimamisha gari mahali palipokatazwa katika eneo la Waltham Forest, nalo likafungwa gurudumu kwa chuma. Kibao kilikuwapo, lakini gari jingine lilikuwa limekiziba. Mahakama ilisema kwamba asiyekiona kibao hawezi kuhesabiwa kuwa amelikubali sharti lake, na mwanamke yule akashinda. Kufunga magurudumu katika ardhi ya binafsi kulikuja kupigwa marufuku kabisa England na Wales kuanzia Oktoba 2012.

Basi, siku barua inapofika, kazi ya kwanza ya mikono ni kurudi uwanjani na simu yenye kamera. Kipige picha kibao cha mlangoni kama dereva anavyokiona akiwa ndani ya gari. Angalia kama maandishi ya tozo ni makubwa au yamefichwa kwa herufi za sisimizi. Kama tukio lilikuwa usiku, nenda usiku, uone kama kuna taa. Angalia kama matawi ya mti au gari la mizigo huziba kibao. Picha tano za namna hiyo zina uzito kuliko kurasa tano za malalamiko.

Dereva na mwenye gari

Hapa ndipo familia nyingi hujifunga zenyewe bila kujua. Mkataba, kama upo, ni wa dereva. Lakini kamera haimjui dereva. Inasoma namba ya gari tu. Kampuni hupeleka namba hiyo kwa idara ya serikali ya leseni na magari, DVLA, iliyoko Swansea, na kwa paundi 2.50 hupewa jina na anwani ya mtu ambaye gari limesajiliwa kwa jina lake. Hupewa taarifa hizo kwa sharti la kuwa mwanachama wa mojawapo ya vyama viwili vya maegesho vinavyotambuliwa, BPA au IPC.

Sheria ya Kulinda Uhuru ya mwaka 2012, katika Jedwali lake la Nne, imeruhusu deni la dereva kuhamia kwa mwenye gari katika England na Wales, lakini kwa masharti. Sharti lililo muhimu zaidi ni la muda. Ikiwa hakuna karatasi iliyobandikwa kwenye kioo cha mbele, barua lazima imfikie mwenye gari ndani ya siku 14, zikihesabiwa kuanzia kesho ya siku ya tukio. Barua iliyotumwa kwa posta huhesabiwa kuwa imefika siku ya pili ya kazi baada ya kutumwa.

Tuhesabu kwa mfano. Gari limeegeshwa Jumatatu tarehe 3 Machi 2025. Siku 14 zinaanza tarehe 4 na kuisha tarehe 17. Kampuni imetuma barua Ijumaa tarehe 14. Jumamosi na Jumapili si siku za kazi, kwa hiyo siku ya pili ya kazi ni Jumanne tarehe 18. Barua imechelewa kwa siku moja. Kampuni bado inaweza kumdai dereva ikimjua, lakini haiwezi kutumia sheria hiyo kumbebesha deni mwenye gari.

Ikiwa karatasi ilibandikwa kwenye kioo, hesabu ni nyingine. Kampuni husubiri siku 28 kwanza, kisha ina siku 28 zinazofuata za kumfikishia mwenye gari barua.

Kwa hiyo hifadhi bahasha pamoja na barua, na uandike juu yake siku iliyopokelewa. Kisha, kabla ya kuandika "niliegesha" au "nilichelewa kutoka", simama ufikiri. Hakuna sheria inayomlazimisha mwenye gari kuitajia kampuni binafsi jina la dereva, tofauti na polisi, ambao wakiuliza ni wajibu kujibiwa. Mwenye gari anaweza kuandika kama mwenye gari tu: "Gari limesajiliwa kwa jina langu, na hoja zangu ni hizi." Kunyamaza kwa namna hiyo ni haki aliyoachiwa na sheria.

Lakini kunyamaza ni jambo moja na kudanganya ni jambo jingine. Lipo jaribu, na kila mwenye kuhudumu msikitini amelisikia likipendekezwa: kumtaja ami aliyekwisha kurudi Zanzibar kuwa ndiye aliyekuwa akiendesha, maadamu hawatamfuata huko. Huo ni uongo ulioandikwa na kutiwa sahihi, na ukifika mahakamani unakuwa balaa kubwa kuliko tozo yenyewe. Zaidi ya hayo, mtoto aliyeitwa kukalimani yuko mezani anasikiliza. Atakachojifunza usiku huo hakihusu maegesho.

Hoja zenye mashiko

Ukiacha vibao na muda, zipo hali nyingine zinazostahili kutolewa hoja, kila moja kwa ushahidi wake.

Kuna gari lililokwenda mara mbili. Mama alikwenda asubuhi akanunua maziwa, akaondoka. Akarudi alasiri kununua mkate. Kamera ikikosa kulinasa linapotoka mara ya kwanza na kuingia mara ya pili, mashine huunganisha kuingia kwa asubuhi na kutoka kwa alasiri, ikadai gari lilikaa saa saba. Dawa yake ni risiti mbili, taarifa ya benki, barua ya miadi ya daktari, au ushahidi wowote wa kuwa gari lilikuwa mahali pengine katikati ya muda huo.

Kuna dakika chache zilizozidi. Kanuni za pamoja za vyama vya BPA na IPC, zilizotolewa mwaka 2024, zinataka dereva aliyeruhusiwa kuegesha apewe muhula wa angalau dakika 10 baada ya muda wake kwisha, ili aweze kuondoka. Pia zinampa mwenye kuingia fursa fupi ya kutafuta nafasi, kusoma kibao na kuamua kama atakaa au ataondoka. Ikumbukwe kwamba picha za kamera za mlangoni hupima muda wa kuwapo ndani ya uwanja, na kuzunguka ukitafuta nafasi, au kukwama kwenye foleni ya kutokea, si kuegesha.

Kuna kosa la kuandika namba. Baadhi ya maduka humtaka mteja aandike namba ya gari kwenye mashine. Mtu akiweka herufi O badala ya sifuri, mashine haimtambui. Kosa dogo la namna hiyo, kanuni zinataka tozo yake ifutwe mara mteja anapokata rufaa ya kwanza na kuonyesha kuwa alikuwa mteja halali.

Kuna ulemavu, ugonjwa na ujauzito wenye matatizo. Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 inawataka watoa huduma wafanye marekebisho ya haki kwa mtu mwenye ulemavu. Mzee mwenye magoti mabovu anayehitaji muda mrefu kumaliza manunuzi, au mzazi wa mtoto mwenye ulemavu, aeleze hivyo na aambatanishe uthibitisho. Ila ifahamike kwamba ile kadi ya buluu ya walemavu haimpi mtu haki ya moja kwa moja katika ardhi ya binafsi. Masharti ya uwanja bado husomwa.

Na kuna gari lililoharibika. Karatasi ya fundi au ya kampuni ya kuvuta magari ndiyo itakayokusemea.

Anza dukani, kisha rufaa

Mlango wa kwanza wa kubisha ni wa supamaketi yenyewe. Kampuni ya maegesho imeajiriwa. Mwenye duka au mwenye ardhi ndiye aliyeiweka pale, na mara nyingi anaweza kuiagiza ifute tozo. Nenda kwenye dawati la huduma kwa wateja na barua yako na risiti yako, uombe kumwona meneja, uzungumze kwa adabu. Kama risiti imepotea, taarifa ya benki inatosha kuonyesha kuwa ulinunua. Meneja akikubali, mwombe athibitishe kwa maandishi. Akisema hahusiki, iandikie ofisi kuu ya duka.

Wakati huohuo usiiache saa ya rufaa ikimbie. Kampuni yapaswa kupokea rufaa inayoletwa ndani ya siku 28. Iandikwe kwa Kiingereza chepesi, kwa ufupi, na iwe na mambo haya tu: namba ya tozo, namba ya gari, tarehe na mahali, sentensi inayosema kwamba unaipinga tozo, hoja zako moja baada ya nyingine, orodha ya picha na karatasi ulizoambatanisha, na ombi kwamba wakikataa wakupe njia ya rufaa huru. Pasiwe na matusi wala visa virefu. Hifadhi nakala, na ukiituma kwa mtandao, ipige picha skrini inayoonyesha kuwa imepokelewa.

Wakikataa, ndipo inakuja rufaa huru. Kampuni iliyo chini ya BPA hukuelekeza kwa POPLA, ambayo haimtozi mlalamikaji chochote. Muda wake ni siku 28 tangu kukataliwa, na utahitaji namba maalumu iliyo ndani ya barua ya kukataliwa. Uamuzi wa POPLA unaifunga kampuni, lakini haukufungi wewe. Kampuni iliyo chini ya IPC hukuelekeza kwa IAS, na muda wake umeandikwa kwenye barua hiyo hiyo.

Hapa pana mizani ya kupimwa. Ukikata rufaa kwa kampuni mapema, ndani ya siku 14 za punguzo, kwa kawaida hupewa tena nafasi ya kulipa kwa punguzo endapo watakataa. Lakini ukienda mbele kwenye rufaa huru na ukashindwa, punguzo hilo hulipati tena. Kwa hiyo kaeni kama familia, mpime: je, hoja yetu ina ushahidi, au ni uchungu tu? Mwenye ushahidi aendelee mbele bila woga. Asiye nao alipe paundi 60 mapema, kwa kuwa paundi 40 alizookoa nazo ni mali.

Barua zinapokuwa nyekundu

Anayekataa kulipa ataanza kupokea barua za wakusanya madeni, na deni huweza kuongezwa hadi paundi 70 nyingine. Maneno yao ni makali, lakini hao si madalali wa mahakama. Hawana ruhusa ya kuingia ndani wala kuchukua kitu. Wajibuni mara moja kwa maandishi kwamba deni linapingwa, kisha msibabaike.

Barua inayotaka uangalifu ni ile inayotangaza kusudio la kufungua kesi, inayokupa siku 30 za kujibu. Hiyo ijibiwe. Na ikija karatasi ya madai kutoka Mahakama ya Kaunti, hapo hakuna tena nafasi ya kuahirisha. Huhesabiwa kuwa imefika siku tano baada ya kutolewa, na tangu hapo una siku 14 za kujibu, ambazo huwa 28 ukitoa taarifa mapema kuwa umeipokea na unakusudia kujitetea. Kesi hizi husikilizwa katika utaratibu wa madai madogo, ambamo anayeshindwa kwa kawaida habebeshwi gharama kubwa za mawakili wa upande wa pili. Mtu wa kawaida anaweza kujisemea mwenyewe.

Asiyejibu huhukumiwa bila kusikilizwa. Hukumu isipolipwa ndani ya mwezi mmoja hukaa katika daftari la rekodi kwa miaka sita, na hapo ndipo mkopo wa nyumba, upangaji na hata mkataba wa simu huwa mgumu.

Wengi wanaohukumiwa hivyo hawakuwa wakaidi. Walihama. Familia zetu huhama mara kwa mara, kutoka chumba cha kupanga hadi nyumba ya halmashauri, kutoka London hadi Leicester au Milton Keynes, na kadi ya gari ikabaki na anwani ya zamani. Barua zote zikaenda kule, na mpangaji mpya akazitupa. Kubadilisha anwani DVLA ni wajibu wa kisheria, na kutofanya hivyo kunaweza kumletea mtu faini ya hadi paundi 1,000. Aliyehukumiwa asijue anaweza kuiomba mahakama iitengue hukumu, lakini ombi hilo lina ada yake, na yafaa liwasilishwe upesi.

Neno kuhusu Ijumaa

Lipo jambo linalotuhusu sisi zaidi kuliko wengine. Misikiti mingi huku haina uwanja wa magari wa kutosha, na supamaketi iko jirani. Mchana wa Ijumaa, na usiku wa tarawehe, magari hujaa dukani huku wenyewe wakiwa msikitini. Kibao kinasema waziwazi: kwa wateja, wakiwa dukani. Aliyeacha gari pale akavuka barabara kwenda kusali amevunja sharti aliloweza kulisoma, hata kama dakika zake hazijatimia, na kununua chupa moja ya maji wakati wa kurudi hakulifuti kosa.

Barua ikija kwa hali hiyo, sitamshauri mtu atafute hila katika tarehe na vibao. Mkataba ni ahadi, na mwenye duka naye ana haki katika uwanja wake. Mama mwenye watoto watatu aliyekosa nafasi ya gari kwa sababu yetu hataangalia tulikuwa tunakwenda wapi. Alipe kwa punguzo, na Ijumaa inayofuata aje kwa basi, au wanne wapande gari moja. Kamati nazo zina wajibu wao: kumwendea meneja wa duka mapema na kuomba ruhusa ya maandishi kwa saa maalumu, na kuwatangazia waumini ukweli wa mipaka hiyo.

Anayejua kulipa anachodaiwa kwa haki ndiye mwenye uso wa kusimama na kukataa anachodaiwa bila haki, na barua yake husomeka tofauti.

Kwa hiyo, kila nyumba na ifanye mambo manne wiki hii, kabla barua yoyote haijafika. Angalieni anwani iliyo kwenye kadi ya gari. Wekeni bahasha moja ya kuhifadhia risiti za supamaketi kwa muda wa miezi miwili. Zoeeni kukisoma kibao cha mlangoni kabla ya kuzima injini. Na kubalianeni kwamba barua yoyote itakayokuja, hata ikiwa mbaya kiasi gani, itafunguliwa siku hiyo hiyo na kusomwa na watu wazima mezani, tarehe ikiandikwa juu yake. Asiyeelewa Kiingereza chake ailete msikitini ikiwa bado mpya. Siku ya tatu tunaweza kusaidia sana. Siku ya mia moja mara nyingi hatubaki na la kufanya ila kumpa pole.